Posa ya Kijana Asiye Mhandisi

Washenga walikuwa wanaenda Ijumaa, na mpaka Jumatano ile nyumbani kwa Abu Sanad hakukuwa na mtu aliyeweza kusema kijana anafanya kazi gani. Kazi alikuwa nayo, hilo hakuna aliyebisha. Anaamka nayo, analala nayo, anakula wali mkono mmoja na mkono wa pili uko kwenye simu. Shida ilikuwa jina lake. Hapa Zarqa kila kazi ina jina. Dereva ni dereva, mwoka mikate ni mwoka mikate, hata yule anayeshinda kibarazani kutwa kucha ana jina lake, ingawa halitamkiki mbele ya watoto. Sasa huyu?

"Nielezee tena," Umm Sanad alisema. Alikuwa ameketi mwisho wa kitanda cha mwanawe anachambua mulukhiya, mapaja yote yamejaa majani. "Polepole. Kama unamweleza mtu mjinga."

"Mama, wewe si mjinga."

"Najua. Wewe jifanye tu."

Sanad akaweka simu chini, kitu ambacho ni nadra. "Kuna mtandao hauna mwenyewe. Watu wanaweka humo picha zao, makaratasi yao, vitu vyao. Havikai kwenye kampuni moja. Vinakatwa vipande vipande, na kila kipande kinatunzwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine kabisa. Huyu yuko Brazili, yule Korea, mwingine yuko hapo Irbid tu. Hakuna mkubwa wa kuamka asubuhi akasema, haya, nimefunga duka."

"Na wewe ndiye unavikata?"

"Hapana. Hayo ni ya mafundi."

"Unavitunza?"

"Hapana."

"Sasa wewe unafanya nini, baba?"

"Mimi nakaa kwenye kundi la Waarabu. Mtu akiingia namkaribisha. Akikwama namsaidia. Akikasirika namtuliza. Mafundi wakiandika mambo yao yale hayaeleweki, mimi nayaandika upya yaeleweke."

Umm Sanad akachambua vishina viwili vitatu huku anawaza. "Kumbe ni kama mimi kwenye msiba. Nakaa mlangoni, nakaribisha watu, naangalia nani hana kiti, nani kaanza kuzozana na nani."

"Ndiyo mama! Hapohapo."

"Ila mimi silipwi."

"Mimi nalipwa."

"Basi kazi nzuri," alisema, akakusanya majani yake. "Lakini baba yako usimwambie ni kama msiba."

Kazi yenyewe ilianza hivi. Sanad alimaliza shule na alama ambazo hazikumfikisha chuo, akawa mtu wa kukaa nyumbani. Akaingia kwenye lile kundi kwa udadisi tu. Watu walikuwa wanauliza maswali, maswali yanakaa hapo bila jibu, na Sanad hawezi kuona swali la mtu limekaa peke yake. Akawa anajibu. Asichokijua anakitafuta, anarudi nacho. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa, mpaka siku moja msimamizi wa makundi yote akamwandikia: wewe unafanya kazi yetu, kwa nini usiwe wetu? Huyo msimamizi anaitwa Bundi. Picha yake ni bundi amevaa miwani. Jina lake la kweli, Mungu ndiye anajua. Huko kwao wanaishi hivyo, mtu anajulikana kwa anachofanya, hakuna anayemuuliza mwenzake katoka nyumba gani.

Na hapa kwetu hilo ndilo swali la kwanza.

*

Abu Sanad aliendesha malori ya unga mpaka mgongo ukakataa. Alhamisi jioni alimchukua mwanawe wakaenda kwa Basha Miflih, brigedia mstaafu, mtu ambaye akiongoza washenga hakuna nyumba inayomrudisha. Isitoshe mambo yalishaiva. Wanawake walishaonana, wakacheka, wakapigana mabusu, wakakubaliana kila kitu. Hadil anamtaka Sanad na Sanad anamtaka Hadil. Ijumaa ilikuwa ya wanaume kwenda kusema kwa sauti kubwa kile ambacho wanawake walishakimaliza kwa sauti ndogo.

Basha aliwapa tende. "Sasa nitasemaje nikisimama? Kijana anafanya nini?"

Sanad alifungua mdomo.

"Mhandisi," alisema Abu Sanad. "Mhandisi wa kompyuta."

"Mashallah! Mhandisi Sanad!" Basha akampiga kijana begani mpaka tende ikampalia.

Walipofika kona ya duka la dawa Sanad akamgeukia baba yake.

"Baba, mimi hata taa ikikatika namwita jirani."

"Unatumia kompyuta?"

"Natumia."

"Basi."

"Na wewe ulitumia lori, wewe ni mhandisi wa malori?"

Abu Sanad alisimama. "Wewe unataka nisemeje? Basha asimame mbele ya ukoo mzima wa watu aseme, kijana wetu anawaambia watu karibu, karibu? Watu asiowajua? Mwanangu, hapa mpaka anayeunga mabomba anaitwa mhandisi. Neno moja tu. Linapita kwa siku moja, baada ya hapo mko ndani ya ndoa, nani atauliza?"

Gari la kuuza gesi likapita na muziki wake wa kuita wateja, wakalipisha. Sanad akatangulia nyumbani. Alipofika chumbani akampigia Hadil, ambaye anafundisha fizikia shule ya wasichana na hana subira na mtu anayezungukazunguka.

"Amesema mimi mhandisi."

Hadil akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka. "Mwambie Basha kabla ya kesho."

"Nimwambie baba yangu kadanganya?"

"Basi sijui," Hadil alisema. "Baba yangu hajui kusoma watu haraka. Lakini akishamsoma mtu vibaya, ndiyo basi tena."

*

Ijumaa baada ya swala walikwenda wanaume thelathini na kitu, magari yamepangana mpaka mtaa wa nyuma. Abu Sanad alivaa joho jeusi la kuazima kwa jirani, limemzidi mabega. Nyumbani kwa Abu Qais, baba yake Hadil, viti vya plastiki vilijaa ukumbi hadi kibarazani. Abu Qais mwenyewe ni fundi wa mapazia, mtu mwembamba, mkimya. Anayesemea ukoo ni kaka yake mkubwa, Nawaf, ambaye Mungu kamjalia sauti ya watu wanne.

Finjani ya kwanza ya kahawa alipewa Basha Miflih. Akaipokea, akaiweka mezani mbele yake, hakuigusa. Ndivyo inavyofanywa. Hainywi mpaka aambiwe, kunywa, umepata ulichokuja kutafuta. Akasimama, akamshukuru Mungu, akausifu ukoo huu, akausifu ule, akamaliza: "Tumekuja kumwomba binti yenu, mwalimu Hadil, kwa kijana wetu, mhandisi Sanad."

Upande wa pili wa mlango wanawake walikuwa wamebanana wanasikiliza. Umm Sanad alikuwa keshakusanya pumzi ya kigelegele.

Nawaf alisimama. Angesema tu, kunywa kahawa yako, mambo yangeisha. Lakini Nawaf anapenda kuongeza sukari.

"Mhandisi!" akasema. "Wallahi nimefurahi. Mwanangu Muhannad naye ni mhandisi wa kompyuta. Muhannad! Inuka, njoo ukae na mwenzio, nyinyi sasa ndugu."

Muhannad akaja, kijana mpole, hana baya. Akakaa. Akauliza kile ambacho yeyote angeuliza. "Ulisoma chuo gani, kaka?"

Sanad alimtazama baba yake. Abu Sanad alikuwa anatazama zulia.

Angeweza kutaja chuo chochote, vyuo viko vingi. Muhannad asingebisha. Lakini angetaja na mwaka. Na mwalimu. Na kila sikukuu kwa maisha yake yote angekaa karibu na Muhannad huyuhuyu akiongeza uongo juu ya uongo, na Hadil pembeni anajua.

"Sikusoma chuo," alisema. "Mimi si mhandisi."

Mwenye birika la kahawa akaacha kumimina.

Basha Miflih akageuza shingo polepole. "Abu Sanad?"

"Mimi ndiye nilisema," Abu Sanad alisema. "Mtoto hakusema. Nilisema mimi."

"Ah," alisema Nawaf. Sauti yake ilishashuka. "Sasa wewe ni nani, kijana?"

"Nahudumia watu kwenye mtandao, ami. Nawajibu, nawaelekeza."

"Kampuni ya nani?"

"Haina mwenyewe. Ni ya wanaoitumia."

"Ofisi iko wapi?"

"Hakuna ofisi."

"Hakuna mwenyewe, hakuna ofisi. Mkubwa wako basi. Au naye hayupo?"

"Yupo."

"Anaitwa nani? Mtoto wa nani?"

"Anaitwa Bundi."

Kuna mtu nyuma alicheka puani, na kicheko kile kikawaambukiza watu. Nawaf hakucheka. "Bundi. Ukoo wa Bundi. Wa mti gani?"

Hapo wakaangua wote, mpaka wengine wa upande wa Sanad. Abu Sanad alikaa ndani ya joho la watu kama mtoto kavalishwa nguo za kaka yake. Basha alikuwa mwekundu shingoni.

Abu Qais akainua mkono kidogo. "Nawaf, basi." Halafu akamgeukia Basha. "Mtusamehe. Tupeni nafasi tufikiri."

Kila mtu pale alijua maana yake. Basha Miflih akainuka, finjani imejaa, kahawa imeganda juu. Hakuwa amewahi kutoka nyumba ya watu akaacha kahawa. Alipanda gari lake bila kumsubiri mtu. Wengine wakakumbuka wana wageni, wana mgonjwa, wana gari limeegeshwa vibaya. Jirani mwenye joho alimshika Abu Sanad kiwiko kwenye ngazi. "Joho nitalifuata kesho, usijali," akasema, na kwa wema ule akammaliza kabisa.

*

Nyumbani kulikuwa na sinia la kunafa, halua ya jibini, la kulisha watu arobaini. Liliagizwa asubuhi kwa ajili ya wanaume watakaporudi na furaha. Walirudi watatu.

Umm Sanad alikata vipande vitatu, akaweka sahanini, hakuuliza nani anataka. Wakala. Jibini lilikuwa bado la moto, linavutika, na ni vigumu mtu kubaki na uso wa msiba huku anavuta uzi wa jibini mpaka kifuani, lakini Abu Sanad aliweza.

"Nimekuaibisha, baba," alisema Sanad.

"Kula."

Wakala.

"Mimi unga wangu ulifika au haukufika," Abu Sanad alisema. "Mtu akiuliza baba yako anafanya nini, unamwonyesha mkate. Wewe kazi yako siioni. Nakuona umekaa. Unacheka na simu, unanuna na simu. Watu wananiuliza msikitini, na mimi ni baba yako, sijui nijibu nini." Akaweka kijiko. "Unajua aibu yake hiyo? Baba hajui mwanawe anafanya nini. Mhandisi ndilo neno lililokuwa karibu na mkono wangu, nikalichukua."

Sanad alitaka kusema, ungeniuliza. Lakini alikumbuka jinsi anavyojibu watu wengine siku nzima, wageni kabisa, hata kama swali halikuulizwa vizuri. Baba yake alikuwa ameuliza mara nyingi. Alikuwa anauliza kwa kusimama mlangoni, anatazama, anaondoka.

"Nipe kipande kingine, mama," akasema, akasogea kukaa upande wa baba yake, bega kwa bega.

Simu ikalia. Alikuwa Hadil, ameandika: *Mama analia. Ami anamwigiza bundi. Baba kanyamaza. Baba akinyamaza anafikiri, akiongea ndiyo ameshakata.*

*

Jumapili baada ya adhuhuri mlango uligongwa, na alikuwa Abu Qais, peke yake, futi ya kupimia vitambaa bado iko shingoni.

Umm Sanad alikuwa na vitunguu saumu mikononi. Alirudi nyuma, akajifunika vizuri, akatazama sebule ya wageni ambayo haikuwa imefagiliwa. "Karibu, Abu Qais, karibu, samahani, hatukujua..."

"Sikuja kama mgeni, dada yangu. Kijana yuko kazini?"

"Yuko chumbani."

"Ndiyo, huko kazini. Nataka nikae huko."

Abu Sanad alitoka bafuni ndevu zinachuruzika maji, akasimama, hajui kama anyooshe mkono au aombe radhi. Abu Qais akamshika mkono yeye. "Mteja akija kwangu hanisikilizi nikisema najua kushona," alisema. "Anasimama pale, anaona mkono unavyokwenda. Nina binti mmoja tu. Nataka nisimame hivyo."

Akaingia chumbani, akakaa mwisho wa kitanda. Abu Sanad akabaki mlangoni, mahali pake pa siku zote. Umm Sanad akaleta chai ya majani ya maramia. Kahawa hakuthubutu.

Sanad masikio yalikuwa yanamwaka. "Ami, leo kimya. Pengine hutaona kitu."

"Wewe fanya. Mimi nanywa chai."

Akasalimia mtu wa Tanja aliyeingia. Akamweleza mwanafunzi wa Basra kwamba hapana, hailipi kuacha shule kwa ajili ya hili. Abu Qais aliisoma ile, akanyanyua nyusi. Halafu ukaingia ujumbe wa sauti, na Sanad akaufungua chumba kizima kisikie. Mzee, sauti nzito, kutoka Salala.

"Assalamu alaykum, wanangu. Mimi Musallam. Nimeweka humu picha za mke wangu, Mungu amrehemu. Sasa nimenunua simu mpya, na mlango haufunguki. Nimejaribu tangu alfajiri. Zile picha sina pengine. Kuna mtu ananisikia?"

"Nakusikia, haji, nipo hapa," Sanad akajibu kwa sauti vilevile. "Karibu. Tuliza moyo, tutakwenda pamoja. Unaona nini mbele yako?"

Mzee alieleza. Kijani, mstari, neno la Kiingereza. Sanad akamwambia abonyeze pale. Mzee akabonyeza pengine. Sanad akaeleza upya, kwa njia nyingine. Mzee akauliza lilelile. Sanad akajibu lilelile kama vile ndiyo kwanza limeulizwa.

Halafu Sanad aliruka kitini.

"La, la, la!" Kidole kikaenda mbio, kikafuta kitu.

"Nini?" Abu Sanad akaingia hatua mbili. "Umevunja?"

"Ametuma maneno yake ya siri. Mbele ya kundi zima." Akamgeukia Abu Qais. "Ami, vitu vyake vinafunguliwa kwa maneno kumi na mawili. Hakuna ufunguo mwingine, hakuna mkubwa wa kuutengeneza. Mwenye maneno ndiye mwenye nyumba. Yeye kadhani mimi nayahitaji, akanipa."

"Kakupa ufunguo wa nyumba yake?"

"Nimefuta. Lakini kuna watu elfu nne humu, na si wote wana moyo mzuri." Akashika simu. "Haji Musallam, nisikilize. Yale maneno usimpe mtu. Hata mimi. Mimi hasa usinipe. Sasa tutahamisha picha zote mahali papya, kwa maneno mapya utakayoyaandika wewe mwenyewe, na mimi sitayaona. Tufanye sasa hivi. Una kalamu?"

"Kalamu ninayo, mwanangu. Lakini mbona umeniandikia pembeni?"

"Pembeni wapi?"

"Hapa pembeni, wewe mwenyewe, na picha yako. Unasema nikutumie tena yale maneno, haraka."

"Mwizi!" alifoka Abu Sanad. "Mwana wa... samahani, Abu Qais. Mwambie mwizi!"

"Haji, huyo si mimi," Sanad alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Kaiba jina langu na picha yangu. Sisi hatumfuati mtu pembeni kabisa. Nikiwa na neno nalisema hapa, mbele za watu wote, kama sasa. Anayekuita pembeni si mimi. Mfungie."

"Nitajuaje kama huyu wa hapa ndiye wewe?"

Swali zuri lile.

"Kwa sababu huyu hakuombi kitu," alisema Abu Qais kwa sauti ya chini, kama anajisemea. Halafu akainama kwenye simu. "Mwambie hivyo. Mwambie, huyu wa hapa hakuombi kitu."

Sanad akasema hivyo.

"Haya," mzee akasema. "Twende."

Wakaenda. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Picha zilikuwa nyingi na mtandao wa kwa mzee mchovu, zinashuka moja moja. Kila mara mzee alitaka kukata tamaa, na kila mara Sanad alimpata. Abu Sanad alishakaa kitandani bila kujua amekaa saa ngapi. "Mwambie asogee dirishani," alisema, "mimi njia ya Aqaba simu ikikosa mtandao nilikuwa naisogeza dirishani." Sanad akamwambia, mzee akasogea, na wallahi zikaongeza mwendo. Abu Sanad akamtazama Abu Qais kama mtu aliyefunga goli.

"Mwongo yule amerudi," alisema Abu Qais, kidole kwenye kioo. "Kaandika kwamba wewe ndiye mwizi. Mjibu!"

"Sitamjibu, ami. Namtoa tu. Nikigombana naye, haji atachanganyikiwa."

"Kakutukania mama yako!"

"Mama yangu yuko jikoni, mzima," alisema Sanad, akamtoa.

Umm Sanad akacheka hukohuko jikoni.

Mwishowe ule mlango mpya ukafunguka. Hawakuuona wao, waliusikia. Ujumbe wa sauti ulikuja na hakuna neno ndani, mtu anapumua tu. Halafu mzee akatuma picha moja kwenye kundi, mbele za watu wote. Mwanamke wa makamo amebeba nazi mbili, moja kila mkono, kazibana masikioni kama simu, anacheka macho yamefumba.

"Huyu ndiye Salma," sauti ilisema. "Zote zipo. Alhamdulillahi. Zote zipo."

Kundi likajaa mioyo na dua, kutoka kila upande wa dunia, haraka kuliko mtu anavyoweza kusoma. Sanad akajifuta uso kwa mkono wa shati. Abu Sanad alikuwa anaitazama ile picha. "Huo unga umefika," alisema polepole. "Nimeuona."

Abu Qais alitoa simu yake, ya vibonye, akapiga nyumbani, akakaa palepale kitandani, kana kwamba wale wengine hawapo.

"Umm Qais? Niko kwa akina Sanad. Sikiliza. Hawa waje tena Alhamisi. Wachache tu, bila magari. Basha nitamwendea mwenyewe kumwomba radhi. Nawaf pia niachie mimi." Akasikiliza. "La, si mhandisi. Sijui inaitwaje. Anajibu watu." Akasikiliza tena. "Ndiyo, kutwa nzima. Mtu anamuuliza kitu kilekile mara tano na yeye anamjibu kama ndiyo mara ya kwanza. Wala hapandishi sauti."

Huko upande wa pili Umm Qais alisema kitu kirefu. Abu Qais akatazama ukuta, akatazama pazia la dirishani ambalo lilishonwa vibaya, masikio yakamwiva.

"Najua," alisema. "Najua, mimi sijawahi kukujibu hivyo."

Sanad akajifanya anasoma. Abu Sanad akajifanya anatafuta kiatu.

"Haya," Abu Qais akasema kwenye simu, taratibu, akijaribu kila neno kabla hajalitoa. "Lile uliloniuliza asubuhi. Niulize tena. Nakusikiliza."